UZI: Sahani ilirudi tupu. Kuku wangu wa siri na jirani niliyemdhania vibaya (Ng'ambo, Unguja)

MamaWatatu (mleta uzi)

Assalaam alaykum jamani. Nimeona mada za kufuga kuku uwani zinakuja na kupita humu, na wengi mnauliza jambo moja: "Ninapokaa hawaruhusu mifugo, nifanyeje wasijue?" Naomba niandike yaliyonikuta, kwa urefu, maana hilo la "wasijue" ndilo lililoniponza.

Nakaa chini kwenye ghorofa moja hapa Ng'ambo, lipi halina haja. Sisi wa chini tuna kipande cha uwa nyuma ya jiko, hatua sita kwa nne, na kamba za kuanikia nguo. Mkataba wa kupanga unasema wazi kwamba mifugo hairuhusiwi. Nilitia saini mwenyewe, kwa hivyo sitosema sikujua.

Kuku wenyewe sikwenda kuwanunua Darajani. Mavyaa alikuja na boti kutoka Pemba mwezi wa Rajabu, na tenga mkononi. Ndani mlikuwa na mitetea watatu na jogoo mmoja mwekundu, miguu imefungwa kwa ukili. Anayewajua Wapemba anajua: mama wa mumeo akikuletea kuku aliowalea mwenyewe, humtajii mkataba. Nilipokea kwa mikono miwili. Usiku ule ule mume wangu akapigilia tundu la mbao za makasha na wavu, tukaliegemeza ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo ndiko anakolala jirani.

Jirani huyo ni mwokaji boflo. Anaingia tanurini baada ya Isha, anarudi alfajiri, anasali, ndipo anapoweka ubavu chini. Mkewe namwita dada. Tumekaa ukuta mmoja miaka tisa. Nilipopata uchungu wa mtoto wangu wa pili, usiku na mvua, yeye ndiye aliyetoka na mwamvuli kunitafutia gari. Na mtu huyo sikumwambia neno kuhusu kuku. Nilijipa sababu: nikimwambia nitamtia kwenye kosa langu, akiulizwa itambidi aseme uongo au anitaje. Nikajiona nimemfanyia hisani. Ukweli ni kwamba niliogopa asije akasema hataki.

Wiki za mwanzo zilipita salama, au mimi niliona salama. Jogoo aliwika majogoo ya kwanza, akawika ya pili, akaendelea mpaka saa nne asubuhi. Nikasema Ng'ambo kuna vespa, kuna adhana, kuna watoto wanakwenda chuoni kusoma Qurani, kuna muuza kahawa anagonga vikombe vyake, nani atamsikia jogoo mmoja? Sikufikiri kwamba yupo mtu mmoja ambaye usiku wake unaanza saa hizo.

Ramadhani ya 2024 ikaingia mwezi wa Machi. Futari ya kwanza nikampeleka mwanangu na sahani ya kaimati kwa dada, kama kila mwaka. Nyinyi mnajua sahani ya jirani hairudi tupu. Hata mtu akiwa hana kitu atatia tende tatu, au kipande cha mkate wa mofa. Sahani yangu ilirudi kesho yake imeoshwa, imefutwa, haina kitu.

Nilikaa nayo mkononi pale jikoni, maji yakachemka mpaka yakamwagika.

Siku ya tatu msimamizi wa jengo akaniletea karatasi: kuna malalamiko ya nzi na harufu, mifugo iondolewe. Nikaunganisha sahani na karatasi. Nikasema, basi, ni wao wamenisema.

Kuanzia hapo nikanyamaza. Nikipishana na dada kwenye mfereji naangalia ndoo yangu. Kuku sikuwaondoa. Nilinunua turubai nikalifunika tundu lote ili msimamizi akipita asione, na masika ndiyo hayo yanaanza. Idd ikafika. Wanangu wakauliza, "Mama, kwa dada hatwendi kupewa skukuu?" Nikawaambia dada hayupo. Na dada yupo, namsikia ukutani anapuliza jiko.

Nitaendelea baada ya Magharibi, inshallah.

GhorofaYaTatu

Dada, samahani sana, mimi nitasema la upande wa pili. Sikai jengo lako, lakini nakaa juu ya mtu kama wewe. Mwanangu ana pumu. Jirani wa chini alipoleta kuku, vumbi la manyoya na harufu viliingia dirishani kwetu kila upepo wa kusi ukivuma, na mimi ndiye niliyekesha hospitali. Nilikwenda kumwambia, akaniambia nina choyo. Masharti yale hayakuandikwa kumwonea mtu. Watu wengi wanakaa juu ya kipande kidogo cha ardhi, hewa ni moja. Usomapo mkataba fikiria na wa juu yako.

MpembaWaWete

Mie naungana na mleta uzi kwenye hili la mkwe. Kuku wa kupewa na mkwe humrudishi. Ila dada yangu, turubai juu ya kuku wakati wa masika! Wamekaa humo siku ngapi?

Mwanakwerekwe1

Ungekwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, mapema yakaisha.

MpembaWaWete

@Mwanakwerekwe1 Jambo la ukuta mmoja likishafika kwa sheha, mtaa mzima unakuwa na neno la kusema. Sheha ni wa mwisho. Kwanza ni hodi.

BwanaMifugo

Naomba niingie kwa upande wa kazi yangu, maana humu nimeona mambo matatu yanayowaponza wafugaji wengi wa mjini.

La kwanza ni kideri, wengine mnaita mdondo. Hakina dawa, kina chanjo tu. Anayefuga kwa kificho hamwiti mtu wa mifugo, kwa hivyo kuku wake hawachanjwi, na kideri kikiingia kwake hakikai kwake. Kinabebwa na viatu, na tenga, na kuku anayeuzwa haraka haraka kabla hajafa. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, unarudia kila miezi mitatu. Ukisubiri mpaka kuku wazubae, waharishe kijani na kupinda shingo, umeshachelewa.

La pili ni harufu. Kinyesi kikavu hakina harufu kali. Kikilowa ndipo vijidudu vinapokigeuza na kutoa amonia, ndiyo ile inayochoma pua na macho. Mleta uzi alipofunika turubai alizuia jua na upepo, vitu viwili vinavyokausha. Tundu linataka paa la kuzuia mvua na ubavu wazi wa wavu. Chini tandika maranda makavu kina cha vidole vinne, nyunyiza jivu, palipolowa pazoe siku hiyo hiyo. Nzi kwenye joto letu hutoka yai mpaka nzi anayeruka kwa siku saba hadi kumi hivi. Ukizoa mara mbili kwa wiki, funza hawapati muda wa kuwa nzi.

La tatu ni jogoo. Watu wanamfunika kitambaa wakidhani akiwa gizani hatowika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2013: waliweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku na mchana, na bado waliwika kwa saa zao. Saa iko ndani ya mwili wake. Mwanga na sauti ya jogoo mwenzake vinamchochea tu. Na wengi hawajui kwamba kuku jike hataki jogoo ili atage. Jogoo anatakiwa kwa ajili ya vifaranga. Kama shida yako ni mayai ya watoto, jogoo wa nini kwenye ghorofa?

Mwisho, kwa huyo mwenye mtoto wa pumu: una haki kabisa.

MamaWatatu

Nimerudi. Nashukuru kwa wote, na wewe GhorofaYaTatu nakushukuru zaidi, utaona kwa nini.

MpembaWaWete umeuliza turubai lilikaa siku ngapi. Karibu mwezi na nusu. Nilikuwa nalifunua usiku tu. Mtetea mmoja aliacha kutaga, na nilipomshika nilimkuta kifua kimekonda. Bado linaniuma, kwa sababu wale ni viumbe walioletwa kwangu na mikono ya mtu anayenipenda, na mimi niliwatesa ili nisionekane na msimamizi.

Mwanzoni mwa Mei, siku zile redio zote zinazungumza kimbunga Hidaya, mvua ilinyesha usiku kucha. Uwa wetu uko chini kuliko njia, maji yote yanashuka kwetu. Mume wangu alikuwa Wete, boti hazitoki. Nikashtuka kabla ya adhana ya alfajiri, nikasikia maji yanachapwa uwani. Nikachukua tochi nikafungua mlango wa jiko.

Mwokaji boflo alikuwa amesimama uwani kwangu, maji yamepita vifundo, kanzu ameikunja kiunoni, unga bado umemganda mikononi. Ameliinua tundu upande mmoja kwa bega, anasukuma tofali chini kwa mguu. Turubai amelitupa. Aliponiona akasema tu, "Walikuwa wanazama. Shika upande ule."

Nikashika. Tukaliweka juu ya matofali manne. Kuku wote wazima, wamelowa, wamebanana kwenye kona ya juu. Na mimi, badala ya kumshukuru, nikamuuliza lililokuwa kooni tangu Ramadhani: "Kaka, kwa nini mlinisema?"

Akaniangalia kama mtu asiyesikia vizuri. "Tukuseme kwa nani?"

Hakuwa na habari ya karatasi. Mimi niliyeijaza nyumba yangu kimya kwa ajili yao, wao hawajui hata karatasi ipo.

Nikavaa kanga nyingine, nikapiga hodi kwa dada, kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Nikamuuliza habari ya sahani. Hakuificha. Alisema, "Niliirudisha tupu kwa makusudi. Usiku ule niliwasikia mnapiga misumari. Asubuhi nikasikia jogoo. Nikasema leo utakuja kuniambia. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Mume wangu halali, anazungukia kitandani mpaka adhuhuri, nami namwambia subiri, mwenyewe atakuja kusema. Hukuja. Nikajiona nimekuwa mtu wa kufichwa."

Nilikuwa na maneno mengi njiani, pale sikuwa na hata moja. Nikalia, naye akalia, tukanywa chai ya mkandaa kwa boflo za moto alizorudi nazo mumewe.

Mimi nilidhani ugomvi ni jogoo. Jogoo alimnyima kaka usingizi, hilo ni kweli na ni haki yake kukasirika. Lakini dada angemvumilia jogoo wangu. Hakuweza kuvumilia kuhesabiwa miongoni mwa watu wasiotakiwa kujua. Tumefundishwa toka chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) aliusiwa mno na Jibrili kuhusu jirani mpaka akadhani atapewa fungu la urithi. Nimeisema hadithi hii mara ngapi kwa wanangu, na mimi nimeshindwa kwenda hatua kumi kubisha hodi.

Fuoni_Mkulima

Sasa nani alipeleka malalamiko?

MamaWatatu

Mtu wa ghorofa ya juu. Nilijua baadaye, kwa kumuuliza mwenyewe. GhorofaYaTatu, ndiyo maana nimekushukuru: na yeye ana mgonjwa ndani, mama mtu mzima mwenye kifua. Nilipanda kumwomba radhi. Sikuchukua mayai, kwa sababu angeweza kuona namnunua. Nilikwenda mikono mitupu, nikamwamkia mama yake, nikasema kosa ni langu. Akanijibu, "Nilishuka mara mbili kukuambia, mara zote uliufunga mlango wa uwani." Kweli. Nilikuwa nikisikia hatua nafunga.

Mambo yalivyokwenda baada ya hapo:

Jogoo alitangulia. Sikuweza kumchinja bila kumwambia aliyemleta, nikampigia mavyaa Pemba, roho juu. Nikamweleza yote, mkataba, jirani, usingizi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mitetea ndio nilikuletea ufuge. Jogoo nilimleta umchinje, wajukuu wangu wale. Nilivyoona hakuchinjwa siku ile nikajisemea pengine hamkumpenda." Miezi minne nzima namlinda kama amana, na yeye huko anasononeka kwamba zawadi yake haikupendwa! Alichinjwa Ijumaa, akapikwa kwa nazi. Sahani moja kwa dada, moja juu.

Ya dada ilirudi na boflo mbili.

Kisha nikamfuata msimamizi kwa miguu yangu, kabla hajanifuata. Nikamwambia kuku wapo, watatu, na mmoja anaatamia mayai kumi na moja toka siku nne. Sikumwomba aniruhusu kufuga. Nilimwomba muda. Kuku anaatamia siku ishirini na moja, ukimhamisha katikati huenda akayasusa. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Siku kumi na saba. Ya kumi na nane nisimkute kuku." Akanipa na sharti: tundu likae wazi, lizolewe, na wa juu wasiseme neno. Nikamkubalia.

Siku kumi na saba zile nilifuga vizuri kuliko miezi yote niliyojificha. Maranda nilipata bure kwa fundi seremala wa njia ya pili. Dada alikuwa akikuna nazi ananiletea machicha. Kaka alirudi na makombo ya tanurini, anayapukuta mwenyewe kwenye wavu kabla ya kulala, na sasa alilala. Wa juu hakushuka hata siku moja kulalamika, ila mama yake mgonjwa alikuwa akichungulia dirishani na kuuliza, "Hawajaangua tu?"

Waliangua tisa. Mawili yalikuwa viza.

BwanaMifugo

Maashallah. Tisa kwa kumi na moja ni vizuri sana. Je, uliwahamishaje?

MamaWatatu

Usiku, baada ya Isha, kama ulivyoandika siku moja kwenye mada nyingine. Kuku akiwa gizani hapapatiki. Mama na vifaranga wake tenga moja, wale wawili tenga la pili, juu nimefunika kanga. Wamekwenda Dole, kwa mama yake dada, ambako kuna kiambo na migomba na hakuna anayelala mchana. Tumepatana: yeye analisha na kutunza, mimi nanunua chanjo na pumba, mayai nusu kwa nusu. Mkataba wangu wa nyumba sasa nautimiza, na kuku ninao.

Mnaoniuliza faragha kama mwendelee kufuga kwa siri, jibu langu ni hapana. Kama masharti hayaruhusu, tafuteni mtu wa shamba mshirikiane naye, ndugu hawakosekani. Na kama mnaona masharti yamekaza mno, yasemeni hadharani, wapangaji wote pamoja, mwombe mitetea wawili watatu bila jogoo. Hilo linaweza kukubaliwa au kukataliwa, lakini mtakuwa mmesema. Na kabla ya yote hayo pigeni hodi kwa mtu wa ukuta wenu. Akikataa, basi hakuna kuku. Mimi leo nasema hivi bila uchungu.

GhorofaYaTatu

Nimesoma mpaka mwisho. Jirani yangu wa chini bado anao. Kesho nitateremka tena, safari hii nitaanza kwa salamu. Mara ya kwanza nilianza kwa kufoka, nakiri.

Fuoni_Mkulima

Dada, huko Dole kunguru hawakusumbui? Mimi hapa wamenimalizia vifaranga wanne wiki moja.

MamaWatatu

Wanasumbua. Hawa kunguru wa kijivu shingoni waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 wale taka za mjini, na mpaka leo wanakula taka na vifaranga vyetu. Tulipoteza mmoja siku ya pili. Mama yake dada akafanya hivi: wiki sita za mwanzo vifaranga hawatoki peke yao, wanakaa na mama yao chini ya tenga la wavu, lililofunikwa juu mpaka chini, pembeni ya jiko ambapo watu wapo muda wote. Akawatundikia na vipande vya wavu wa zamani wa kuvulia juu ya uwa, kunguru anaogopa kunasa mbawa. Wamebaki wanane. Mavyaa anakuja mwezi ujao, ameshaniambia kituo cha kwanza ni Dole, ghorofani atafika jioni.